GARI LAKO: Injini ikizima ghafla, pima kabla ya kununua

Juma lililopita tulimaliza habari za betri na alteneta. Leo tunaingia katika jambo ambalo limewatia hasara wenye magari wengi hapa mjini. Ni lile gari ambalo asubuhi huwaka mara moja, huwafikisha watoto shuleni salama, halafu katikati ya msongamano, jua likiwa utosini, injini hunyamaza ghafla bila hata kukohoa. Ukizungusha stata, injini yazunguka lakini haiwaki. Vijana wanakusaidia kulisukuma kando ya barabara. Baada ya nusu saa hivi, ukiwa umekwisha kumpigia simu shemeji yako aje na kamba, unajaribu tena na gari linawaka kana kwamba halikuwa na lolote.

Jambo hili likijirudia mara mbili tatu, ndipo pesa zinapoanza kutoka. Fundi wa kwanza husema ni pampu ya petroli, nayo inanunuliwa. Wa pili husema ni koili. Wa tatu husema plagi zimechoka. Karo ya muhula inaliwa na gari, na gari bado linazima vilevile. Mara nyingi mkosaji huwa ni kifaa kidogo kinachokaribia ukubwa wa kidole gumba, kiitwacho sensa ya krankishafti.

Hata hivyo, tusikimbie. Sensa hii nayo isihukumiwe bila ushahidi. Wako watu walioibadilisha mara mbili na zaidi, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya. Kipimo cha dakika kumi kinaweza kukuokolea pesa za kipuri usichokihitaji, na vipimo hivyo ndivyo tutakavyovieleza leo.

KAZI YAKE NI KUHESABU

Jina lisikutatize. Hii si ile sensa ya serikali ya kuhesabu watu, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu. Krankishafti ni ule mtaimbo mzito ulio chini ya injini, unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Kwenye mtaimbo huo, ama mbele karibu na puli au nyuma karibu na flaiwili, kuna gurudumu la chuma lenye meno. Sensa imekaa karibu sana na meno hayo, kwa kawaida umbali wa milimita moja hivi, lakini haigusani nayo. Kila jino linapopita, sensa hupeleka ishara ya umeme kwa kompyuta ya gari.

Gurudumu hilo limeachwa pengo makusudi. Katika injini nyingi za Toyota, kwa mfano, kuna nafasi 36 za meno lakini meno mawili hayapo, yamebaki 34. Katika magari mengi ya Ulaya kuna nafasi 60 na meno 58. Pengo likipita, kompyuta hujua kwamba mzunguko mmoja umekamilika, na kwa kuhesabu meno tangu pengo hilo hujua pistoni ya kwanza iko wapi. Hapo ndipo inapoamua ni lini petroli inyunyizwe na ni lini plagi itoe cheche.

Sasa utaelewa kwa nini sensa hii ikinyamaza injini nayo hunyamaza. Petroli imo tangini, betri ina nguvu, plagi ni mpya, lakini kompyuta haijui injini imefika wapi. Ni kama mpiga ngoma aliyepoteza mdundo, wachezaji wote husimama. Hata injini nyingi za dizeli za siku hizi, ambazo hazina plagi za cheche, huitegemea sensa hii ili zijue wakati wa kunyunyiza dizeli.

KWA WANAFUNZI WETU

Nyinyi mnaosoma fizikia, hili ni somo lenu. Sensa hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ina sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba kama unywele, mizingo mingi sana. Jino la chuma likipita, nguvu ya sumaku hubadilika na umeme huzaliwa ndani ya waya. Kanuni hiyo iligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Sensa ya namna hii huwa na nyaya mbili, wakati mwingine na wa tatu ambao ni ngao ya kuzuia kelele za umeme, nayo haihitaji kupewa umeme kutoka nje.

Aina ya pili hutumia ugunduzi wa Mmarekani Edwin Hall wa mwaka 1879. Hii huwa na nyaya tatu: mmoja wa kuleta umeme, mara nyingi volti 5 au 12, mwingine wa ardhi, na wa tatu wa kupeleka ishara. Yenyewe haizai umeme, ila huwasha na kuzima ishara kila jino linapopita.

Fanyeni na hesabu hii. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa sekunde. Zidisha kwa meno 34 na utapata ishara 1,700 kila sekunde. Wakati wa kuwasha gari, stata huzungusha injini kama mara 200 tu kwa dakika, nazo ishara ni kama 113 kwa sekunde. Katika sensa ya nyaya mbili, mzunguko ukiwa wa polepole umeme unaozaliwa huwa mdogo pia. Ndiyo maana betri dhaifu inaweza kufanya sensa nzima ionekane imekufa. Kabla ya lolote, hakikisha betri ina nguvu.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili ya mvua ni mawingu. Sensa hii nayo huwa na mawingu yake, na mwenye macho huyaona mapema.

Kwanza, injini huzima ikiwa imepata joto na huwaka tena ikipoa. Sababu yake ni rahisi. Waya ule mwembamba ukiwa na ufa, joto huutanua na ufa hufunguka. Ukipoa, ncha hukutana tena na sensa hufanya kazi. Mwanzoni gari huzima mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa juma, mwishowe haliwaki kabisa.

Pili, angalia ile saa ya mizunguko ya injini iliyoandikwa RPM kwenye dashibodi. Kama mshale wake unaanguka hadi sufuri ghafla wakati gari lingali linakwenda, au unarukaruka injini ikishtuka, huo ni ushahidi mzuri. Katika magari mengi mshale huo hupata habari zake kutoka kwa sensa hiyohiyo.

Tatu, injini huzunguka vizuri kwa stata lakini haina cheche wala petroli hainyunyizwi. Vyote viwili vikikosekana kwa pamoja, shuku kitu kinachoviongoza vyote viwili.

Nne, taa ya injini kwenye dashibodi huwaka. Lakini usiitegemee sana. Mara nyingine hitilafu huja na kuondoka upesi kiasi kwamba taa haiwaki kabisa.

Usidhani kwamba maradhi haya ni ya magari mazee tu. Mwaka 2007 kampuni ya Nissan iliyaita gereji magari zaidi ya 600,000 ya aina ya Altima na Sentra yaliyouzwa Marekani, yenye injini ya lita 2.5, kwa sababu joto liliweza kukatiza ishara ya sensa hii na kuzimisha injini gari likiwa barabarani.

WANAOFANANA NAYO

Homa si malaria kila mara, na kuzima kwa gari si sensa kila mara. Kuna wengine wanaofanana nayo.

Pampu ya petroli iliyochoka nayo huzimisha gari wakati wa joto. Tofauti yake ni kwamba mara nyingi gari huanza kwa kukosa nguvu, likasitasita kwenye mlima, ndipo likazima. Sensa huzimisha injini mara moja kama uliyezima taa. Watu wengi hufungua swichi na kusikiliza mngurumo wa pampu kwa sekunde mbili. Ni kipimo kizuri, lakini jihadhari: katika Toyota nyingi pampu haingurumi mpaka injini izungushwe kwa stata, hivyo kimya hakithibitishi kwamba pampu imekufa. Isitoshe, katika magari mengi kompyuta huinyima pampu umeme ikiwa haipati ishara ya krankishafti. Hapo ndipo pampu nzima inapotupwa kwa kosa la sensa.

Ufunguo wenye kinga ya wizi nao huleta balaa. Hapa gari huwaka sekunde moja au mbili kisha huzima, na taa yenye picha ya ufunguo au gari dogo humetameta kwenye dashibodi.

Mkanda au cheni ya taimingi ikikatika, stata huzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida na sauti hubadilika. Ukisikia hivyo, acha mara moja kuzungusha, kwa maana unaweza kupinda valvu. Mwisho, usisahau fyuzi na rilei, ambazo ni rahisi kukagua na bei yake ni nafuu.

VIPIMO UNAVYOWEZA KUFANYA MWENYEWE

Siku gari litakapozima, usiwe na haraka ya kungoja lipoe. Wakati lina ugonjwa ndio wakati wa kulipima, maanake likishapoa ushahidi wote umetoweka. Ukishaliweka mahali pa usalama, fanya haya.

Zungusha stata huku ukitazama ile saa ya RPM. Katika magari mengi, sensa ikiwa nzima mshale huinuka kidogo tu kutoka sufuri. Usipotikisika kabisa, andika jambo hilo kwenye daftari pamoja na saa na hali ya joto la injini. Lakini kuna magari ambayo mshale wake hautikisiki hata yakiwa mazima, hivyo litazame gari lako siku ambayo halina shida ili ujue kawaida yake.

Kama unajua sensa ilipo na inafikika kwa usalama, chukua kitambaa kilicholowa maji baridi ukiweke juu yake kwa dakika chache. Zima swichi kwanza, na uepuke bomba la moshi lisikuunguze. Gari likiwaka mara tu baada ya sensa kupozwa, na injini nyingine yote ingali moto, shaka yako ina msingi. Katika injini nyingi za Subaru zinazokuja kutoka Japani sensa iko mbele, juu ya puli ya krankishafti, na hushikiliwa na bolti moja. Katika Toyota nyingi ndogo iko chini karibu na puli. Katika Volkswagen nyingi iko ubavuni mwa injini kuelekea gia boksi.

Kipimo cha tatu ni cha waya. Injini ikiwa inanguruma taratibu, chukua kijiti kikavu, si mkono, utikise pole pole waya unaokwenda kwa sensa na soketi yake. Vua tai, funga mikono ya shati, na akina mama wafunge nywele, kwa sababu mikanda inazunguka karibu. Injini ikishtuka au kuzima unapougusa waya, kosa umelipata, nalo haliko ndani ya sensa.

Chukua mfano wa familia moja ya mtaa wa South B. Gari lao dogo lilikuwa likizima kila Ijumaa jioni kwenye Mombasa Road. Waliuziwa sensa, likazima. Wakaambiwa ni bandia, wakanunua nyingine, likazima tena. Baba akaanza kuzungumza juu ya kubadilisha kompyuta nzima, na mama akasema afadhali liuzwe. Kijana wao anayesomea umeme wa magari ndiye aliyechukua kijiti na kutikisa waya. Injini ikazima hapohapo. Waya ulikuwa umetoka kwenye kishikizo chake, ukasuguliwa na chuma mpaka ganda likaisha. Magari yakisongamana, chini ya boneti joto lilizidi, ganda lililobaki likalegea na waya ukagusa chuma. Matengenezo yalihitaji kipande cha waya, risasi ya kuchomelea na kishikizo kipya. Mimi husema kijana yule alilipa karo yake ya muhula mmoja kwa kijiti.

VIPIMO VYA FUNDI

Vipimo vifuatavyo vinahitaji mita ya kupimia umeme na mtu anayeijua. Hata kama hutavifanya mwenyewe, vifahamu ili uweze kumwuliza fundi wako: "Umepimaje?" Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hataudhika.

Kwa sensa ya nyaya mbili, fundi huchomoa soketi na kupima ukinzani wa ule waya wa ndani. Kiwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Sensa nyingi huwa kati ya omu mia kadhaa na elfu mbili au tatu, na kiwango halisi kimeandikwa katika kitabu cha gari. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, sensa imekufa. Ikionyesha karibu na sufuri, nyaya za ndani zimegusana.

Shida ni kwamba sensa ikiwa baridi mara nyingi hupimwa ikaonekana nzima. Hivyo basi, ichomolewe, iunganishwe na mita, kisha ipashwe joto pole pole kwa mashine ya kukaushia nywele. Usitumie jiko wala kiberiti. Hapa wengi hukosea. Ukinzani wa shaba hupanda wenyewe kwa joto, kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Sensa ya omu 2,000 kwenye nyuzi 20 itasoma kama omu 2,550 kwenye nyuzi 90, na hiyo ni nzima. Usikubali iitwe mbovu kwa kupanda huko. Mbovu ni ile inayoruka ghafla, inayopandapanda na kushuka, au inayokatika kabisa.

Kisha fundi apime umeme wa kwenda na kurudi unaozaliwa stata ikizunguka. Sensa ya nyaya mbili yenye afya huonyesha kitu, hata kama ni chini ya volti moja. Mita ikikaa sufuri ilhali injini inazunguka vizuri, ama sensa imekufa, ama iko mbali na meno, ama gurudumu la meno lina kasoro.

Kwa sensa ya nyaya tatu, kipimo cha omu hakifai. Hakielezi lolote na kinaweza kuiharibu. Fundi akague kwanza kama umeme na ardhi vinafika kwenye soketi. Visipofika, kosa ni la waya, fyuzi au kompyuta, na sensa mpya haitasaidia chochote. Vikifika, atazame kama ishara inaruka kati ya juu na chini injini inapozungushwa.

Kabla ya kufunga mazungumzo, aichomoe sensa na kuitazama ncha yake. Zile za sumaku hukusanya unga wa chuma kama ndevu, na ndevu hizo huvuruga ishara. Soketi nayo iangaliwe kama imeingia oili, kutu au alama za meno ya panya, wanaopenda kulala chini ya boneti wakati wa baridi.

NAMBA ZA KOMPYUTA SI HUKUMU

Siku hizi gereji nyingi zina mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ni chombo kizuri, lakini kinapotumiwa vibaya hugeuka kuwa mashine ya kuuzia vipuri. Namba P0335 maana yake ni kwamba kuna kasoro katika njia ya umeme ya sensa ya krankishafti. Sikiliza vizuri: katika njia, na si lazima ndani ya sensa. Njia hiyo ni sensa, nyaya, soketi na kompyuta yenyewe. P0336 husema ishara inafika lakini haieleweki, kwa mfano jino limevunjika au pengo kati ya sensa na meno si sahihi. P0016 husema krankishafti na kemshafti hazipatani, na hapo cheni au mkanda wa taimingi ukaguliwe kwanza.

Mashine hiyohiyo ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Mwambie fundi afungue ukurasa wa mizunguko ya injini kisha azungushe stata. Ikisoma kati ya 150 na 300 hivi bila kurukaruka, kompyuta inaipata ishara, na huenda mkosaji yuko kwingine. Ikisoma sufuri huku injini inazunguka, mmekaribia nyumbani.

UKINUNUA NA UKIFUNGA

Ushahidi ukishapatikana, nunua bila kusita, lakini nunua kwa macho. Nenda na sensa ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyoandikwa juu yake, urefu wa ncha na umbo la soketi. Urefu ukizidi milimita moja tu, meno yanaweza kuipasua siku ya kwanza. Ukipungua, ishara huwa dhaifu. Pita maduka matatu, uliza bei, na omba risiti yenye maneno ya kurudisha. Kipuri kilichotumika kutoka Japani kinaweza kuwa kizuri, ila kumbuka kwamba sensa hii huzeeka kwa joto, nawe hujui ile ilikaa kwenye joto kwa miaka mingapi.

Katika kufunga, mahali pake pasafishwe, bolti ikazwe kwa kiasi, na waya urudishwe kwenye vishikizo vyake vyote. Nyaya zikikatwa na kuungwa upya, zisibadilishane nafasi, kwa kuwa ishara itageuka kichwa chini na gari litawaka kwa shida au lisiwake. Baadhi ya magari huhitaji kompyuta ifundishwe upya kwa mashine baada ya sensa kubadilishwa. Fundi akimaliza, msiachane getini. Liendesheni pamoja mpaka lipate joto lile linalolizimisha.

LIKIZIMA BARABARANI

Hili ndilo kubwa kuliko pesa. Injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, baadaye kanyagio huwa gumu kama jiwe. Magari yapo nyuma yako, labda lori limeshuka mlima.

Usichomoe ufunguo, maana usukani utajifunga. Washa taa za tahadhari papo hapo. Shika usukani kwa mikono miwili, tumia mwendo uliobaki kuelekea kushoto, kisha kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie mpaka gari lisimame. Watoke watoto na wengine kwa mlango ulio upande usio na magari, wasimame mbali na barabara. Weka zile pembetatu nyekundu nyuma ya gari, hatua 50 au zaidi, na kama ni kwenye kona, ziweke kabla ya kona. Baada ya hapo ndipo ufungue boneti.

Kwa sababu hii nawasihi akina baba wanaosema "likipoa litawaka tu." Gari linalozima mara moja kwa juma si la kwenda nalo mashambani na familia nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA WASOMAJI

Msomaji wa Kisumu anauliza: Gari langu ni la zamani na lina distribyuta. Sensa hii iko wapi?

Jibu: Katika magari mengi ya Japani ya miaka ya themanini na tisini, kazi hii hufanywa na koili ndogo zilizo ndani ya distribyuta yenyewe. Dalili ni zilezile, na kipimo cha omu ni kilekile. Fungua kifuniko uangalie pia kama oili imeingia.

Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Thika, anauliza: Je, naweza kupima waya wa ishara kwa taa ya kupimia umeme, ile yenye balbu?

Jibu: La hasha. Balbu hunyonya umeme mwingi kuliko nyaya hizi zinavyoweza kubeba, nawe unaweza kuunguza kompyuta. Tumia mita ya dijitali.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Gari langu huzungusha stata muda mrefu ndipo liwake, lakini likishawaka halizimi. Je, ni sensa hii?

Jibu: Yawezekana. Baadhi ya injini, zikikosa ishara ya krankishafti, hutumia ile ya kemshafti kubahatisha, nazo huchelewa kuwaka. Lakini petroli inayorudi tangini usiku kwa udhaifu wa pampu nayo huleta dalili hiyohiyo. Mwambie fundi apime vyote viwili kabla hujatoa hata shilingi ya kipuri.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumzia rediaeta na maji yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda. Hadi wakati huo, weka mita, daftari na kijiti chako kwenye gari, na uendeshe kwa uangalifu.